Kocha Asiyefukuzika

Hyacinthe Toé alikuwa amefukuzwa ukocha wa timu ya taifa mara sita, na mara zote sita alifukuzwa vizuri. Hakuna aliyemtukana wala kumtupia chupa. Alikuja tu mzee Sanou, katibu wa shirikisho, Mbobo kwa kabila, mwenye sura ya mtu ambaye tangu utotoni anatoka msibani, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akakohoa, akasema, "Mwanangu, Wazungu wamempata mwingine."

Wazungu hawakuwa wamempata mtu yeyote. Aliyempata ni shirikisho. Lakini mzee Sanou aliona ni adabu kuwasingizia watu walio mbali. Toé alishukuru, mkewe Célestine akaleta kibuyu cha pombe ya mtama aliyopika mwenyewe, wakanywa, na kesho yake Toé akaenda uwanja wa ndege wa Wagadugu kumpokea bosi wake mpya, mkononi ana kibao chenye jina ambalo hakuweza kulitamka.

Hivyo ndivyo ilivyopita miaka kumi na tisa. Kwenye karatasi aliitwa kocha msaidizi. Kwa kweli alikuwa gurudumu la akiba: hukumbukwa barabarani tu, na kwa maneno makali. Alimsaidia Mswisi, aliyekuja na kompyuta mbili na kuondoka na kesi moja. Alimsaidia Mdenmaki, aliyewafundisha wachezaji jinsi ya kupumua, jambo ambalo wengi wao walikuwa wamelifanya kwa muda mrefu bila malalamiko. Kila mmoja wao alipoondoka, kwa kawaida mwezi wa nne, joto linapofika mahali ambapo hata mijusi hutembea kwa visigino, Toé aliitwa kukaimu. Alikaimu mechi mbili au tatu, akashinda zile zinazoshindika. Halafu mechi kubwa ilipokaribia, ile inayoleta watu wa televisheni na nyaya zao, mzee Sanou alikohoa. Toé alichambua mchele, akauosha, akawasha moto, akapuliza mpaka macho yakawa mekundu. Siku ya kupakua, aliitwa mwingine.

Mara ya saba mambo yalikwenda kombo kwa sababu mzee Sanou alikuwa amestaafu. Alikuwa amerudi kwao Bobo-Dioulasso kufuga kanga, na hakuna aliyekumbuka kwamba ofisi imepoteza mfukuzaji wake.

Mdenmaki aliondoka zikiwa zimebaki mechi tatu za kufuzu fainali za Afrika. Toé, kaimu, akatoa sare ya kwanza na kushinda ya pili. Ya tatu ilikuwa Jumamosi, nyumbani, dhidi ya majirani wa kusini. Sare iliwatosha majirani. Sisi tulihitaji kushinda. Ilikuwa ndiyo mechi yenyewe, ile ambayo kwa miaka kumi na tisa Toé alikuwa akiitazama akiwa amebeba chupa za maji.

Jumatatu ya wiki hiyo rais wa shirikisho, Rasmané Zoungrana, alimwita ofisini.

Zoungrana alikuwa mfanyabiashara wa mabati, mtu mnene aliyeweza kukutajia bei ya kila paa kati ya sokoni na uwanja wa ndege. Alikuwa Mmosi. Toé alikuwa Msamo. Na Wamosi na Wasamo ni watani tangu enzi ambazo hata wenyewe hawakumbuki nani alimwibia nani. Kila upande unadai upande wa pili ni watumwa wake, na kila upande unaapa kwamba ni wale wengine ndio wanaopigania kichwa cha mbwa chunguni. Mtani akichukua paja la kuku sahanini mwako, unamsogezea pilipili. Mtani hakasirikiwi, na sheria hii haina kamati ya rufaa.

Sasa mtu mwenye busara, akitaka kumfukuza mtani wake kazi, angemtuma asiye mtani. Zoungrana alijiona mkubwa wa kutosha kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Huenda angefaulu, laiti asingefungua kinywa kwa mazoea ya miaka hamsini na minane.

"Karibu, mtumwa wangu," alisema.

"Nimekaribia, mtumwa wa babu yangu," akajibu Toé, akavuta kiti. "Leo umeoga. Kuna nini?"

"Nimeoga kwa sababu nilijua nitakaa na Msamo. Sikiliza. Kazi basi. Nimekufukuza."

Toé alicheka mpaka akashika meza.

"Nasema kweli! Kuna Mslovakia. Anafika Jumatano."

"Mslovakia! Na utamlisha nini, wewe uliyepeleka posa kwa kichwa cha mbwa, tena njiani ukala sikio?"

Zoungrana alijikuta anacheka. Aliuma mdomo, akatazama picha ya ukutani, akafikiria kodi ya bandari, bado tumbo likamcheza.

"Toé. Sitanii."

"Mmosi asiyetania amekufa. Umekufa? Subiri nikuitie watu wakuoshe."

Mezani kulikuwa na sahani ya kuku wa kuchoma, chakula cha mchana cha rais. Toé akachukua paja. Pembeni ya sahani kulikuwa na kalamu nene nyeusi yenye kifuniko cha dhahabu, ambayo Zoungrana alisainia kila kitu, kuanzia mikataba ya makocha hadi kadi za harusi. Toé akaichomeka kwenye mfuko wa shati.

"Hii kodi yenu ya mwaka huu," alisema. "Mwakani mlete na ng'ombe."

Akatoka akitafuna.

Kwenye ngazi magoti yalimlegea, ikabidi aegemee ukuta. Toé hakuwa mjinga. Alikuwa amefukuzwa mara sita, alijua ladha yake, na paja lile la kuku lilikuwa nayo.

Nyumbani alimkuta Célestine anakoroga pipa la pombe kwa mwiko mrefu kama kasia. Hakugeuka.

"Umefukuzwa, Baba Irène."

"Nani kasema?"

"Mguu. Ukifukuzwa unaburuta wa kulia. Nimeusikia tangu kwenye geti."

"Nimetaniwa tu. Na nani? Na Mmosi. Mmosi anaweza kumfukuza Msamo? Anaweza kusema tu."

"Kwa hiyo unajificha nyuma ya utani, mtu mzima na ndevu zako."

"Sijifichi. Nimekaa mbele yake."

Célestine aliacha kukoroga. "Sema kweli. Unataka nini? Mshahara? Hawajawahi kukulipa wa kocha. Jina? Gazeti linakuandika Toyé kila siku."

Toé alikaa juu ya gunia la mtama. "Nataka Jumamosi. Hiyo moja tu. Nikae mahali pale, nikosee mimi, watu wanitukane mimi. Wamewatukana Wazungu kwa makosa yangu miaka yote hii. Inauma."

"Na wakimleta mtu asiye Mmosi?"

"Nani? Mhasibu ni mpwa wangu. Dereva ana kigugumizi, mpaka amalize mechi imekwisha. Waliobaki wote ni Wamosi."

Célestine, ambaye ni Mbobo, na wa ukoo wa Sanou vilevile, alimtazama kwa muda. Kisha akarudi kwenye mwiko bila kusema kitu. Baadaye Toé alikumbuka ukimya ule.

Jumanne ilikuja barua, imepigwa mhuri na kusainiwa kwa kalamu ya kawaida ya buluu. Toé aliisoma kwa sauti mbele ya wachezaji kabla ya mazoezi, akiiga sauti ya Zoungrana, tumbo mbele. Nahodha, Wendkuni Nikiéma, beki wa kati mwenye shingo ya fahali, alikuwa Mmosi kama nusu ya timu.

"Kocha, huyo si rais wetu," alisema. "Rais wetu hajui kuandika 'kwa heshima.'"

"Ameandikiwa na Msamo. Mmosi hushika kalamu kama jembe."

"Na Msamo huishika kama mfupa."

Wakacheka, wakakimbia mizunguko kumi na miwili, na barua ikatumika kuwekea alama pahali pa kupigia kona.

Jumatano Toé alikwenda uwanja wa ndege na kibao chake, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua njia ya kupokea makocha. Mslovakia aliitwa Hruška, mtu mrefu, mpole, aliyekuwa ameanza kuungua pua kabla hajafika kwenye mizigo. Kwa Kifaransa cha kuokoteza alimuuliza Toé yeye ni nani.

"Kocha wa timu ya taifa."

Hruška alisema ameambiwa kwamba kocha wa timu ya taifa ni yeye.

"Hapa tupo wengi," alisema Toé, akampeleka hotelini, akamwagizia kuku na ndizi za kukaanga, na kumshauri kama ndugu asitoke nje kabla ya Jumapili kwa sababu ya jua. Hruška, ambaye mkataba wake ulisema haanzi kazi mpaka kaimu aondoke, alifunga pazia na kusubiri.

Alhamisi alikuja mtu kutoka wizarani, amevaa tai, amebeba mkoba. Jina lake lilikuwa Ouédraogo, na kwetu hilo linatosha kumjua Mmosi. Alikuja kumfukuza Toé, akaondoka bila tai, tai ikiwa shingoni mwa kipa.

Ijumaa, baada ya sala ya mchana, gari jeupe lenye vumbi la barabara ya Bobo lilisimama mbele ya nyumba. Akashuka mzee Sanou. Alitembea polepole hadi kwenye kiti cha plastiki, kilekile, akakaa. Toé alisimama mlangoni. Alitafuta utani wowote, hata mdogo, asiupate. Kati ya Msamo na Mbobo hakuna utani, hakuna mahali pa kujishika.

Mzee Sanou akakohoa.

"Wazungu wamempata mwingine?" aliuliza Toé.

"Hapana, mwanangu. Ni Zoungrana. Nimezeeka, nimechoka kuwasingizia Wazungu." Alifuta uso kwa kitambaa. "Umefukuzwa. Nami nimeacha kanga kumi na wanne wanaatamia, nije kusema hivyo."

"Nakushukuru, baba."

"Usinishukuru. Kila ukinishukuru nashindwa kula."

Célestine alileta kibuyu. Mzee alikunywa, akasifu pombe, akauliza habari za Irène chuoni, akaaga. Toé alitwaa filimbi yake msumarini na kwenda kambini kuikabidhi. Alikuwa akiburuta mguu wa kulia, na safari hii hata yeye aliusikia.

Wachezaji walikuwa mezani, wali wa mafuta mbele yao. Toé alisimama kwenye kona ya meza.

"Mzee Sanou amekuja," alisema.

Vijiko vilitua. Hata wale vijana waliozaliwa Ufaransa, wasiojua Mmosi ni nani na Msamo ni nani, waliona nyuso za wenzao wakaacha kutafuna. Toé aliweka filimbi juu ya meza. Alikuwa ameandaa maneno mawili matatu kuhusu ari na nidhamu.

Ndipo Wendkuni Nikiéma alipoinua uso na kupiga yowe ambalo lilimfanya mpishi aangushe sufuria.

"Yoooo! Msamo wetu amekufa!"

"Amekufa lini?" akadakia winga, Mmosi mwingine, huku tayari anavuta kitambaa cha meza.

"Sasa hivi! Amekufa kwa uroho! Amekufa kichwa cha mbwa kikiwa mdomoni!"

Walimbeba hobelahobela, wakamlaza kwenye kitanda cha kukandia misuli, wakamfunika kitambaa chenye madoa ya mchuzi. Toé alijaribu kuinuka. "Lala," alinong'ona nahodha wake. "Maiti wa wapi huyu anayenyanyuka?" Na Toé, ambaye alikuwa amehudhuria misiba ya kutosha kujua haki ya watani ni ipi, alilala.

Wakaanza kumwiga. Mmoja alitembea kwa kuburuta mguu. Mwingine alipanda kiti na kufoka, "Rudini nyuma! Nyuma wapi? Nyuma kwenu, alikokaa mama yako!" Mmoja alijifanya Célestine, akamwomboleza kwa kusema heri amekufa, sasa pombe itafika sokoni. Chini ya kitambaa Toé alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, hali inayofanya kitambaa kupanda na kushuka isivyofaa kwa maiti.

Zoungrana alipigiwa simu na mpishi, ambaye alisema tu, "Mheshimiwa, Toé amelazwa, kambi yote inalia." Alifika baada ya robo saa, amevaa kandambili, jasho linamtiririka, mkononi ana mfuko wa kokwa za kola, za kutafunwa msibani, alizonunua njiani. Alipoona kitanda na kitambaa, aliishika nguzo ya mlango.

"Mungu wangu. Nimemuua."

"Umesikia?" Wendkuni aliwageukia wenzake. "Amekiri. Aliyeua ndiye atakayelipa. Maiti hazikwi bila ada ya watani."

Zoungrana alitazama kitambaa. Kitambaa kilipiga chafya.

Kulikuwa na muda mfupi ambapo angeweza kukasirika. Kila mtu aliuona ukipita. Lakini mbele yake walisimama Wamosi kumi na mmoja waliokuwa wakidai haki ya msibani, haki ambayo yeye mwenyewe aliidai kila mwaka kwa sauti kubwa, na mwaka jana tu kwa ajili yake alikaa ndani ya kaburi la Msamo mmoja mpaka akapewa jogoo. Mtu akigombana na watani juu ya maiti, kijijini kwake hatasalimiwa na mtu. Na kijiji hicho kilikuwa hakijaezekwa bado.

"Mbuzi wawili," alisema kwa sauti ya kushindwa.

"Hatutaki mbuzi. Tunataka benchi. Kesho maiti wetu anakaa benchi, anatoa amri. Jumapili tunazika."

"Na Mslovakia nimwambie nini?"

Sauti ikatoka chini ya kitambaa: "Mpe yeye hao mbuzi."

Jumamosi Hyacinthe Toé alikaa kwenye benchi la timu ya taifa akiwa amejitanda begani kitambaa cha meza chenye madoa ya mchuzi, kwa sharti la nahodha wake. Habari zilikuwa zimeenea. Upande wa Wamosi jukwaani walikuja na jeneza la kadibodi na nyimbo za msiba. Upande wa Wasamo, ambao ni wachache, walijibu kwa kubweka.

Ukweli usemwe, mechi yenyewe ilikuwa mbaya. Majirani walifunga dakika ya kumi na saba kwa kosa la Toé, kwa kuwa ni yeye aliyempanga kushoto beki ambaye Mdenmaki alisema asimpange kamwe. Uwanja mzima ulimtukana kwa jina, na walilitamka sawasawa. Toé aliwasikiliza kwa makini. Kisha akamtoa yule beki, akawabadilisha mahali viungo wawili kwa namna aliyoichora miaka minane iliyopita nyuma ya risiti ya mtama, na kabla ya mapumziko ikawa moja moja.

Dakika ya themanini na sita Wendkuni, ambaye hakuwa na shughuli yoyote upande ule wa uwanja, aliteleza akipiga krosi. Mpira ukamgonga beki wa majirani kwenye paja, ukamgonga kipa wake begani, ukapita mstari ukiwa umechoka. Lilikuwa bao lisilo na sura. Toé alilipenda palepale kama mtu anavyompenda mtoto wake mwenye masikio makubwa.

Benchi zima liliruka. Yeye alibaki amekaa. Alivuta kitambaa kikamfunika uso, na hapo chini hakuna aliyejua alifanya nini kwa dakika tatu nzima. Wasaidizi walisema alikuwa akisali. Célestine, aliyekuwa nyuma ya benchi na kibuyu, alisema hamjui mtu huyo kusali.

Jumapili hakuna aliyezikwa, kwa kuwa waombolezaji walikuwa wamelewa.

Jumatatu Zoungrana alimwita tena. Safari hii alikuwa amejiandaa. Mkewe alimfanyisha mazoezi mbele ya kioo: asicheke, asiketi karibu na chakula, na lile neno asilitaje hata akishikiwa kisu. Mezani palikuwa na karatasi moja tu, imepigwa chapa vizuri. Hruška ataiongoza timu kwenye fainali, Toé atarudi kuwa msaidizi. Ilibaki sahihi.

"Bwana Toé," alisema Zoungrana, "tafadhali keti."

Kwa miaka yote hiyo Zoungrana hakuwahi kumwita bwana. Toé alikaa, mikono juu ya magoti.

"Taifa linakushukuru. Kwa heshima zote, shirikisho limeamua kama ilivyoandikwa hapa. Nitasaini mbele yako, nawe utasaini, tupeane mikono kama watu wazima."

"Sawa, Mheshimiwa," alisema Toé.

Zoungrana alipapasa mezani. Alipapasa mfuko wa kifua, kisha mifuko ya pembeni. Akafungua droo, akaifunga. Uso ulianza kumvimba kwa hasira ya mtu ambaye amekariri kila kitu isipokuwa hicho. Kisha macho yake yakatua kwenye mfuko wa shati la Toé, ambapo kifuniko cha dhahabu kilikuwa kikimeremeta.

"Nipe kalamu yangu, wewe mtumwa!"

Zoungrana akafumba macho.

"Ulikuwa unasemaje, mtumwa wa babu yangu?" aliuliza Toé kwa upole.

Aliichukua karatasi, akaisoma, akacheka taratibu, mpaka akashika meza. Akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni pamoja na kalamu, akatoka. Kwenye ngazi magoti yake yalikuwa salama.

Saa kumi alasiri mazoezi yalianza. Hruška alikuwa amechoka kukaa gizani, kwa hiyo alikuja kutazama, amevaa kofia pana. Aliwatazama wachezaji, akamtazama Toé na filimbi yake. Halafu, bila kuambiwa na mtu, akaenda kukaa mwisho wa benchi, penye chupa za maji.